Kabla ya Sensa, Nunua Mita: Kwa Anayeanza na Mikrokontrola Jijini Nairobi

Ukiwa na pesa chache na hamu kubwa ya kujifunza kuprogramu mikrokontrola, anza na vitu vitatu: bodi moja, kebo ya USB inayopitisha data, na mita ya kupimia umeme. Sensa, relei, vioo vya maandishi na moduli za GSM vingojee. Najua ushauri huu haupendezi. Maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi River Road, yana pakiti zilizojaa sensa za kila namna, na mwanafunzi aliyeshuka matatu kutoka Kangemi au Kawangware huziona akadhani ndizo zitakazomfundisha. Kinachomshinda mtu katika wiki za kwanza si uhaba wa sensa. Ni kutojua kilichoharibika ni kipi: umeme, kebo, kompyuta, nyaya, au programu aliyoiandika mwenyewe.

Kazi hii ina historia hapa mjini. iHub ilifunguliwa Ngong Road mwaka 2010, na mwaka 2013 wakatokea BRCK na kisanduku chao cha intaneti kilichokusudiwa sehemu ambako stima hukatika na mtandao hupotea. Mwaka mmoja kabla ya hapo M-KOPA walikuwa wameanza kuuza mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, kila mmoja ukiwa na kidhibiti chenye laini ya simu ndani. Vyombo vya aina hii vikishafika nyumbani kwa mteja, fundi hawezi kuvifungua kila vinaponyamaza. Lazima awe amevitengeneza viweze kusema vinaumwa wapi. Ujuzi huo ndio wa kuutafuta tangu siku ya kwanza, na hata bodi ya bei ndogo kabisa inatosha kuupata.

Bodi zinazopatikana kwa urahisi ni za aina tatu. Ya kwanza ni Arduino Uno, au nakala yake, yenye chipu ya ATmega328P: kumbukumbu ya programu kilobaiti 32, kumbukumbu ya kufanyia kazi kilobaiti 2 tu, na pini zinazotumia voltu 5. Ya pili ni ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka 2016, yenye Wi-Fi na Bluetooth ndani. Ya tatu ni Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4. Hizi mbili za mwisho hutumia voltu 3.3, na kuiingizia pini yao voltu 5 ni kuihatarisha. Mimi humshauri anayeanza achukue Pico akitaka kutumia lugha ya Python, au ESP32 akijua kwamba hatimaye atataka Wi-Fi. Uno ni nzuri na ina mifano mingi kuliko zote, ila ukiishiwa kumbukumbu hutaambiwa. Programu itaanza tu kufanya vioja.

Ukichagua Pico, kagua kama pini zake zimelehemiwa. Nyingi huuzwa bodi peke yake, na pini pembeni kwenye kifuko. Usizichomeke zikiwa zimelegea ukitumaini zitashika. Zitashika leo, kesho ziachie, nawe utatafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Kama huna kifaa cha kulehemu, mafundi wa simu wamejaa mtaani na kazi hiyo ni ya dakika chache. ESP32 nayo ina kero yake: bodi zake nyingi ni pana, na ukiichomeka kwenye bredibodi ya kawaida, ile plastiki yenye matundu ya kuchomekea nyaya, hubakiwi na matundu ya nyaya upande mmoja. Watu huweka bredibodi mbili bega kwa bega.

Sasa kebo. Kebo nyingi za USB zinazouzwa barabarani ni za kuchajia simu tu. Ndani zina nyaya mbili za umeme, na zile za data hazimo. Ukichomeka bodi kwa kebo kama hiyo, taa ya umeme itawaka vizuri na kompyuta haitaona kitu. Wapo watu ambao wamebadilisha bodi, wakafuta na kuweka upya programu zote, kumbe shida ni kebo. Dukani, omba kebo ijaribiwe kwa kuhamisha picha kutoka simu hadi kompyuta. Ikihamisha, inunue, itie alama, na usiruhusu mtu yeyote nyumbani aichukue akachajie simu.

Kebo ikiwa nzima na kompyuta bado haioni bodi, angalia chipu ndogo karibu na tundu la USB. Nakala nyingi za Uno, na baadhi ya ESP32, hutumia chipu ya CH340, ambayo kwenye Windows huenda ikahitaji draiva yake. Kwenye Ubuntu, mtumiaji anapaswa kuwa ndani ya kundi linaloitwa dialout, na toleo la 22.04 lina mtego wake: programu ya brltty, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona wanaotumia vifaa vya nukta nundu, huidhania CH340 kuwa kifaa chake na kuinyakua. Ukiona poti inatokea kisha inatoweka papo hapo, brltty awe mshukiwa wa kwanza. Pico haina mambo haya. Unabonyeza kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo, inajitokeza kama flashi, unaburuta faili, basi.

Pakua programu zote za kompyuta mahali penye Wi-Fi ya bure au ya chuo. Vifurushi vya ESP32 hufika mamia ya megabaiti na vitamaliza bando lako kabla hujaandika mstari mmoja.

Programu ya kwanza ya kila mtu ni kuwasha na kuzima taa ndogo iliyo kwenye bodi. Usiidharau, ila ifanye kwa akili. Bodi nyingi za nakala hutoka kiwandani zikiwa tayari na programu hiyo, taa ikiwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Ukiipakia ile ile na kuona taa inawaka, hujathibitisha chochote. Badilisha mwendo: iwake mara mbili upesi, itulie sekunde tatu. Ukiuona mdundo huo wako mwenyewe, umejua kwa mpigo kwamba kebo, poti, draiva, kompaila na chipu vyote ni vizima. Hifadhi faili hiyo peke yake na usiiguse tena. Siku mambo yakikorogeka, ipakie kwanza. Mdundo ukirudi, hitilafu iko kwenye programu mpya au nyaya mpya. Usiporudi, usipoteze usiku wako kusoma programu. Tahadhari moja: taa ya Pico ya kawaida iko kwenye pini ya 25, lakini ya Pico W imeunganishwa kupitia chipu ya Wi-Fi, kwa hiyo programu ya Pico ya kawaida haitaiwasha.

Kupakia kukigoma, soma ujumbe wa hitilafu kuanzia juu. Wengi huangalia mstari wa mwisho ulioandikwa kwa rangi nyekundu, na mara nyingi huo ni matokeo tu. Chanzo kilitajwa mistari kumi nyuma. Kwa Uno, maneno “not in sync” humaanisha kompyuta inaita na chipu haiitikii: umechagua poti isiyo sahihi, au aina ya bodi isiyo sahihi, au umeacha waya kwenye pini 0 au 1, ambazo ndizo njia ya kupakilia programu. Nakala za Nano mara nyingi huhitaji uchague “Old Bootloader” kwenye menyu. Kwa ESP32, ikisema muda umekwisha ikingoja, shikilia kitufe cha BOOT kupakia kunapoanza kisha kiachie. Makosa haya machache yanatosha kueleza sehemu kubwa ya vilio vya wanaoanza.

Bodi ikishakubali programu, ifundishe kuongea. Njia rahisi ni kutuma maneno kwa kompyuta kupitia USB na kuyasoma kwenye dirisha la seriali. Ukiona takataka badala ya maneno, kasi ya dirisha hailingani na ile uliyoandika kwenye programu. 9600 na 115200 ndizo zinazochanganywa zaidi. Usitume neno “sawa” au “nimefika hapa” tu. Tuma jina la kitu, thamani yake na kizio chake, kwa mfano “mwangwi 5800 mikrosekunde”. Na mstari wa kwanza kabisa wa programu utangaze kwamba bodi imewaka. Ukiuona mstari huo ukijirudia katikati ya kazi, bodi yako inajizima na kujiwasha, na hapo hutafuti kosa la hesabu tena. Unatafuta umeme.

Umeme unastahili kukaliwa kidogo. ESP32 inapowasha Wi-Fi huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kebo nyembamba au tundu dhaifu la USB huacha voltu zishuke. Yenyewe itakuandikia “Brownout detector was triggered”, na huo si ujumbe wa kunyamazishwa kwa amri ya programu, kama baadhi ya watu wanavyoelekezana. Badilisha kebo, badilisha chaja. Moduli ya GSM ya SIM800L, ambayo wengi huichukua ili mradi wao utume SMS, ni mbaya zaidi: inataka voltu kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mnara huweza kuhitaji hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Ukiilisha kutoka pini ya bodi, itatafuta mtandao, itazimika, itaanza upya, na utalaumu laini ya simu. Hapa ndipo mita inapojilipa. Weka ncha nyeusi kwenye GND, yaani upande hasi wa umeme, na nyekundu kwenye pini ya umeme ya moduli yenyewe, si ya bodi, uone kuna voltu ngapi pale mwisho wa waya. Mita ya bei nafuu haina wepesi wa kuonyesha mshuko wa muda mfupi sana, lakini itakuonyesha waya uliokatika ndani ya plastiki, na bredibodi ndefu ambayo reli zake za umeme zimekatwa katikati bila mwenyewe kujua. Itakuonyesha pia kosa kuu kuliko yote: vifaa viwili vyenye umeme tofauti ambavyo GND zake hazijaunganishwa.

Mradi gani basi? Ningekuambia upime maji kwenye tangi. Nairobi maji hugawiwa kwa ratiba. Mtaa una siku zake, na tangi la juu ya paa ndilo hukuvusha siku nyingine. Iwe unakaa ploti ya Riruta au ghorofa la Kileleshwa, swali la “maji yamebaki kiasi gani?” lina maana nyumbani kwako, na mtu hujifunza vizuri zaidi jibu linapomgusa.

Sensa ya HC-SR04 hutoa mlio usiosikika na kungoja mwangwi wake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, kwa hiyo kila sentimita ya umbali, kwenda na kurudi, huchukua mikrosekunde 58. Umbali wa mita moja ni mikrosekunde 5,800. (Kuna anayedhani mwinuko wa Nairobi utavuruga hesabu. Kinachobadilisha kasi ya sauti ni joto la hewa. Wembamba wake hauna neno.) Sensa hii hutumia voltu 5, na pini yake ya mwangwi hutoa voltu 5 hizo hizo. Kwa Uno hakuna shida. Kwa ESP32 au Pico, weka resista ya omu 1,000 kati ya pini ya mwangwi na pini ya bodi, na nyingine ya omu 2,000 kutoka hapo hadi GND; utapata kama voltu 3.3. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha bodi.

Usipande paani bado. Weka sensa mezani ikitazama ukuta, chukua futi ya fundi cherehani, pima mita moja, na uangalie kama dirisha la seriali linasema karibu 5,800. Chapisha muda wenyewe kwanza, sentimita baadaye, asilimia ya maji mwisho. Ukianza na asilimia na ikatoka 143, hutajua kama kosa liko kwenye sensa, kwenye kugawa kwa 58, au kwenye kimo cha tangi ulichoandika. Ukiwa na hatua zote tatu mbele yako, unakagua ile ya katikati: sentimita zikiwa sahihi, nusu ya kwanza ya safari ni salama na umebakiwa na nusu ya pili tu. Mafundi wa redio walikuwa wakifuata mtindo huu kabla chipu hazijazaliwa, na haujapata mpinzani.

Sasa chomoa waya wa mwangwi makusudi uone kinachotokea. Amri ya Arduino ya kupima mwangwi, ikikosa kitu, hurudisha sifuri. Sifuri ukigawa kwa 58 ni sifuri. Umbali wa sifuri kutoka sensa hadi maji maana yake ni tangi limejaa hadi juu. Umetengeneza chombo ambacho panya akikata waya kitawatangazia watu wa nyumbani kwamba maji yapo tele. Programu haina kosa lolote ambalo kompaila ingeliona, na siku zote ambazo waya ni mzima itafanya kazi vizuri. Kwa hiyo iandike ikatae: sifuri si kipimo, na umbali unaozidi kimo cha tangi si kipimo pia. Itume “sensa haijibu” badala ya namba. Kisha chukua vipimo vitano, uvipange, utumie cha katikati, maana mawimbi yakigonga ukuta wa tangi kipimo kimoja kimoja huruka.

Kuna mtego mwingine ambao naupenda kwa sababu unafundisha mengi kwa mstari mmoja. Unataka Uno ipime kila dakika, ukaandika ingoje milisekunde 60 * 1000. Bodi inapima mara moja, kisha kimya. Kwenye Uno namba ya kawaida ina biti 16 na haivuki 32,767. Zao la 60 na 1000 hufurika na kugeuka hasi 5,536. Amri ya kungoja haijui namba hasi, kwa hiyo huisoma kama milisekunde 4,294,961,760, yaani karibu siku 50. Bodi haijakwama, inatii. Andika 60UL * 1000 na itaamka baada ya dakika. Mstari ule ule kwenye ESP32, yenye namba za biti 32, hufanya kazi bila tatizo, na ndiyo maana rafiki yako anaweza kuapa kwamba programu yake ni nzima, na akawa anasema kweli.

Ipo siku maneno ya seriali hayatatosha. Pico ina pini tatu za kuunganishwa na kifaa cha kuchungulia ndani ya chipu, na Pico ya pili yaweza kugeuzwa kuwa kifaa hicho. ESP32 za aina ya S3 na C3 zina uwezo huo tayari kupitia USB. Unaisimamisha programu kwenye mstari unaoutaka na kusoma thamani za wakati huo. Jifunze baada ya miezi kadhaa. Ukiikimbilia mapema utakuwa na mambo mawili ya kutatua badala ya moja.

Ukiomba msaada kwa mwenzako chuoni au kwa muuzaji anayejua kazi, usimpelekee programu nzima ya mistari mia nne na swali la “mbona haifanyi?” Punguza hadi mistari michache inayoonyesha kosa lile lile. Mpe jina kamili la bodi, ujumbe wa hitilafu ulionakiliwa neno kwa neno, na picha ya nyaya iliyopigwa kutoka juu mchana. Sema ulichotarajia na ulichokiona. Mara nyingi utapata jibu ukiwa bado unaandika ujumbe. Na kila mara programu inapofanya kazi, weka nakala yenye tarehe kabla ya kuendelea, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha waya, resista na mstari wa programu kwa pamoja, hata akipona hajui dawa ilikuwa ipi.

Mradi ukishakaa mezani wiki nzima bila kuzimika, ndipo upande paani. HC-SR04 haivumilii mvuke wa ndani ya tangi. Tafuta JSN-SR04T, ambayo ina kichwa kisichopitisha maji, ukikumbuka kwamba haioni kitu kilicho karibu nayo chini ya sentimita 20 hivi, kwa hiyo iinue juu ya kimo cha maji yanapojaa. Ukitumia benki ya umeme kuilisha, nyingi hujizima zikiona kinachovutwa ni kidogo mno, na bodi iliyolala huvuta kidogo sana. Ukikuta kimya asubuhi, bonyeza kitufe cha benki kabla hujafungua kompyuta.

Utashawishika kuongeza relei ili bodi iwashe pampu yenyewe. Hapo umevuka kutoka voltu 5 hadi 240, kwenye paa lenye maji. Kazi hiyo mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Kwa sasa bodi ikutumie namba tu, na swichi ya pampu endelea kuibonyeza kwa mkono wako.